Poti ya siriali haijui ujumbe unaanzia wapi

Ndugu zangu, wenzangu katika kazi hii ya kuandika programu, nawasalimu nyote na ninawashukuru kwa kunipa nafasi.

Nianze na mizani. Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ndogo ya kusoma uzito kutoka kwenye mizani ya kielektroniki. Mizani ile ilikuwa na soketi ya pini tisa mgongoni, yaani poti ya siriali, tundu linalopitisha data biti moja moja kwenye waya, na kila mzigo ulipotulia juu yake ilituma mstari mmoja wa herufi: ST,+0012.45kg, kisha baiti mbili za kufunga mstari. Jumla baiti 15. Programu niliiandika kwenye Linux, nikaijaribu, ikafanya kazi miezi mingi bila kukosea. Baadaye mwenye mizani akabadilisha kompyuta, ile mpya ikawa ya Windows. Nikaihamisha programu: nikabadilisha jina la poti, nikaandika upya sehemu ya kuifungua, uzito ukaonekana kwenye skrini. Nikaondoka moyo umetulia.

Wiki haikuisha nikapigiwa simu. Kwenye daftari la uzito palikuwa na mzigo wa kilo 12 kamili, na chini yake, sekunde ileile, mzigo mwingine wa kilo 0.45. Hapakuwa na ujumbe wa kosa. Programu haikuanguka. Namba zote mbili ni za kawaida kabisa, mtu akizisoma haoni ajabu yoyote. Hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu kulikuwa na watu wanaolipwa kwa namba zile.

Nikaifanya programu iandike kwenye logi kila inachopokea, baiti kwa baiti, kwa heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16. Nikapata hivi: 53 54 2C 2B 30 30 31 32. Kimya kidogo. Halafu 2E 34 35 6B 67 0D 0A. Hesabuni: nane na saba, kumi na tano. Hakuna baiti iliyopotea. Mstari mmoja ulikuwa umefika kwa vipande viwili, na programu yangu ikakichukua kila kipande kama ujumbe uliokamilika. Kipande cha kwanza kiliishia kwenye 0012, kikasomwa kilo 12. Cha pili kilianza na nukta, kikasomwa kilo 0.45.

Leo nimeombwa nizungumzie namna ya kusoma na kuandika kwenye poti za siriali kwa programu inayopaswa kwenda kwenye Windows, Linux na macOS. Nitagusa majina ya poti, mipangilio na maktaba. Lakini nilichobeba moyoni ni kile kilichotokea kwenye mizani: poti ya siriali haibebi ujumbe. Inabeba baiti, moja nyuma ya nyingine, na mpaka kati ya ujumbe na ujumbe ni kazi yetu sisi tunaoandika programu. Mfumo endeshi mmoja unaweza kuuficha ukweli huo kwa miezi. Mwingine utaufichua siku ya kwanza.

Tuangalie waya wenyewe. Kwenye kiwango cha RS-232, ambacho toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1960, waya ukiwa umetulia una volti hasi. Baiti ikitaka kupita, waya hupanda kwenye volti chanya kwa muda wa biti moja. Hiyo ndiyo biti ya kuanzia. Zinafuata biti nane za data, kisha waya unarudi kwenye hali ya utulivu kwa biti moja ya kumalizia. Biti kumi kwa kila baiti. Kwa kasi ya 9600 unapata baiti 960 kwa sekunde, yaani kila baiti inachukua milisekunde 1 na kitu kidogo. Baada ya hapo waya unatulia. Unaweza kutulia sehemu ndogo sana ya sekunde au saa nzima, na hakuna alama yoyote inayosema "hapa sentensi imekwisha". Biti ya kumalizia inafunga baiti. Haifungi ujumbe.

Mpangilio huu wa biti ya kuanzia na ya kumalizia umerithiwa kutoka kwenye mashine za telegrafu zilizoandika zenyewe, na neno baudi linatokana na jina la Mfaransa Émile Baudot, aliyepata hataza ya mfumo wake wa telegrafu mwaka 1874. Naitaja historia hii kwa sababu bado inatugusa. Kwenye Linux na macOS majina ya poti yana herufi tatu, tty, kifupi cha mashine hizohizo. Na mfumo bado unaamini kwamba upande wa pili wa waya yupo mtu, amekaa mbele ya kibodi.

Hapo ndipo kilipokuwa kiini cha mkasa wangu. Ukifungua /dev/ttyUSB0, jina la poti ya USB kwenye Linux, ukaweka kasi tu na kuacha mengine yalivyo, kama nilivyofanya mimi, Linux inakuhudumia kana kwamba unapokea maandishi ya mtu. Inazishikilia herufi mpaka mstari ufungwe, ili mtu akikosea apate nafasi ya kufuta. Ndipo inakupa mstari mzima kwa mkupuo. Kwa hiyo kila niliposoma nilipata mstari mmoja kamili, nikadhani ndivyo poti zilivyo. Kumbe ni ukarimu wa mfumo. Na dalili zilikuwepo, ila sikuziuliza. Kila baada ya mstari wa uzito nilikuwa napata mstari mtupu. Nikaandika sharti la kuuruka, nikaendelea. Mstari ule mtupu ulitokea kwa sababu mfumo uligeuza 0D, ya kwanza kati ya zile baiti mbili za kufunga mstari, kuwa 0A, na 0A ya pili ikafuata, kwa hiyo mistari ikawa miwili. Tena mfumo ulikuwa unairudishia mizani kila herufi iliyotuma, kama terminali inavyomwonyesha mtu anachochapa. Mizani haikujali yale mwangwi. Kifaa kingine kingeyachukua kuwa ni amri.

Windows haina desturi hiyo ya mistari kwenye poti za COM. Inakupa baiti zilizopo. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, Windows ililiweka wazi tu.

Sasa, baiti zinakatika wapi njiani? Watu wengi wanafikiri ni bahati mbaya tu, lakini sababu zinahesabika. Kompyuta yenye poti halisi mara nyingi ina chipu ya jamii ya 16550, yenye ghala dogo la baiti 16 kwa upande wa kupokea. Chipu hiyo huwekwa iiamshe kompyuta ghala likifika baiti 1, 4, 8 au 14. Ikiwa imewekwa 14 na ujumbe ni wa baiti 15, baiti ya mwisho hubaki ghalani mpaka chipu ione kimya cha muda wa herufi nne hivi, ndipo iitoe. Kwa hiyo mstari unafika 14, kisha 1. Kwenye adapta za USB mambo ni mengine: adapta hukusanya baiti na kuzituma kwa pakiti. Adapta za FTDI, kwa mfano, kwa kawaida husubiri hadi milisekunde 16 kabla ya kutuma pakiti isiyojaa. Rudini kwenye mizani: baiti 15 kwa kasi ya 9600 zinachukua milisekunde 15.6. Ukikutana na saa ya milisekunde 16, mstari uleule mara utafika mzima, mara utakatwa katikati, kutegemea saa ya adapta ilikuwa wapi mizani ilipoanza kutuma. Ndiyo maana kosa halikuonekana nilipokuwa nimesimama pale, likaja kuonekana baadaye.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ninayoishika, na ninawaomba muishike: usomaji mmoja si ujumbe mmoja. Unaweza kupata nusu ya ujumbe, ujumbe mmoja na nusu, au jumbe tatu kwa pamoja. Kila unachosoma kimwage kwenye bafa yako, yaani hifadhi ya muda ndani ya programu, halafu bafa ndiyo uiulize kama kuna ujumbe uliokamilika ndani yake. Kwa Python na maktaba ya pySerial inatosha hivi:

bafa = bytearray()
while True:
    bafa += poti.read(poti.in_waiting or 1)
    while b"\n" in bafa:
        mstari, _, bafa = bafa.partition(b"\n")
        shughulikia(mstari.strip())
    if len(bafa) > 256:
        bafa.clear()

Msizidharau zile sehemu mbili ndogo. Ya kwanza ni ile "or 1": kama hakuna kitu, subiri baiti moja; kama zipo, chukua zote zilizopo. Ukiomba baiti 64 kwa mpigo, maktaba itasubiri zitimie 64 au muda uishe, na uzito utachelewa kumfikia mtu aliyesimama mbele ya mizani. Ya pili ni kikomo cha 256. Kifaa kikiharibika, au kasi ikiwekwa vibaya, zitamiminika takataka zisizo na mwisho wa mstari, na bafa isiyo na kikomo itakula kumbukumbu ya kompyuta taratibu mpaka usiku wa manane ndipo igundulike.

Kuna na mstari wa kwanza kabisa. Programu ikifunguliwa wakati mizani iko katikati ya kutuma, kitu cha kwanza utakachopata ni mkia: .45kg. Huo una mwisho wa mstari, kwa hiyo utaonekana mzima. Utupeni. Chochote kilichofika kabla ya mwisho wa mstari wa kwanza baada ya kufungua poti kisiaminiwe. Na mstari wowote unaoaminiwa ukaguliwe umbo lake lote, kuanzia ST hadi kg. Kuokota namba popote inapoonekana ndiko kulikonifikisha pale.

Vifaa vilivyobuniwa vizuri hukusaidia. Vipokezi vya GPS vinavyofuata kiwango cha NMEA 0183 huanza kila sentensi kwa alama ya dola, huifunga kwa nyota na tarakimu mbili za heksadesimali, na sentensi nzima haizidi herufi 82. Tarakimu zile mbili ni XOR, hesabu ya kulinganisha biti kwa biti, ya herufi zote zilizo kati ya dola na nyota. Zisipolingana, unatupa sentensi na kusubiri ijayo. Modbus RTU, itifaki ya vifaa vya viwandani, kwa upande wake, haina alama ya kuanza wala ya kumaliza. Inatambua mwisho wa fremu, yaani ujumbe mmoja kamili, kwa kimya cha muda wa herufi tatu na nusu. Kwa 9600 hicho ni kimya cha milisekunde 4 hivi. Sasa fikirieni adapta inayokaa na baiti hadi milisekunde 16 kabla ya kuzikabidhi. Kimya ambacho programu yako inakiona si kile kilichopita kwenye waya. Kwa hiyo kwenye kompyuta ya kawaida msikate fremu za Modbus kwa saa pekee. Mkiwa ndio mnaouliza, mnajua jibu linatakiwa liwe na urefu gani. Hesabuni baiti, kagueni CRC, ile namba ya kugundua makosa iliyo mwishoni mwa fremu, na saa ibaki kuwa njia ya kukata tamaa jibu lisipokuja.

Nimefika kwenye kusubiri, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mifumo inapotofautiana kweli. Kwenye Linux na macOS, muda wa kusubiri unatawaliwa na namba mbili, VMIN na VTIME. VMIN ni idadi ya chini ya baiti, na VTIME ni muda, unaohesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde. Windows ina muundo uitwao COMMTIMEOUTS wenye namba tatu za kusoma na mbili za kuandika, zote kwa milisekunde. Ukizisoma nyaraka za pande zote mbili utadhani hazikutani popote. Zinakutana mahali pamoja, na mahali hapo ndipo pazuri kuliko pote. Kwenye Linux weka VMIN sifuri na VTIME, tuseme, 2: usomaji utarudi mara tu ikipatikana hata baiti moja, au utarudi mikono mitupu baada ya sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwenye Windows weka ReadIntervalTimeout na ReadTotalTimeoutMultiplier zote kuwa MAXDWORD, yaani namba kubwa kuliko zote inayokubalika, kisha ReadTotalTimeoutConstant iwe 200. Utapata tabia ileile: nipe ulichonacho, na kama huna kitu, subiri milisekunde 200 kisha rudi. Jengeni juu ya tabia hiyo moja. Programu yote iliyobaki haitahitaji kujua iko kwenye mfumo gani. Ukitaka muda mfupi kuliko sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenye Linux au macOS, subiri kwa wito wa mfumo uitwao select kabla ya kusoma.

Windows ina jambo moja lililowahi kuwasumbua watu wengi waliotoka Linux. Ukifungua poti kwa njia ya kawaida, bila FILE_FLAG_OVERLAPPED, alama inayoruhusu shughuli kwenda sambamba, shughuli kwenye poti hiyo hupanga foleni. Uzi mmoja wa programu, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani yake, ukiwa umesubiri kusoma, uzi mwingine ukitaka kuandika utasubiri nyuma yake. Kama usomaji unasubiri jibu, na swali ndilo linalosubiri kuandikwa, hakuna kitakachotokea milele. Ama utumie usomaji wa kusubiri muda mfupi kama nilivyoeleza, ama uingie kwenye njia ya OVERLAPPED, au uchague maktaba ambayo imekwisha kulishughulikia hilo.

Mipangilio. Kwenye Linux na macOS anzeni kwa kuiita cfmakeraw. Inazima kushikilia mistari, inazima mwangwi, inazima kugeuza 0D kuwa 0A, na inazima kutii herufi za kusimamisha. Hili la mwisho nataka mlione kwa karibu. Mpangilio uitwao IXON ukibaki umewashwa, baiti 13 kwa heksadesimali inamaanisha "simamisha utumaji" na 11 inamaanisha "endelea". Zote mbili zinamezwa, hazikufikii. Sasa chukulieni kihisi cha joto kinachojibu kwa namba tupu. Nyuzi 18, jibu lina baiti yenye thamani 12 kwa heksadesimali, sawa. Nyuzi 19, jibu lina baiti yenye thamani 13. Baiti hiyo inamezwa, CRC haikubali, na juu ya hapo mfumo unaacha kutuma chochote unachoandika. Swali lako linalofuata halitoki kabisa. Programu inafanya kazi siku nzima, chumba kikifika nyuzi 19 inanyamaza, na mtu atabadilisha kebo, atabadilisha kihisi, atabadilisha kompyuta, kabla hajafikiria kwamba namba 19 yenyewe ndiyo tatizo. Maandishi ya kawaida hayana baiti hizo, ndiyo maana majaribio ya maandishi hupita salama.

Baada ya cfmakeraw washeni CLOCAL, ya kupuuza nyaya za modemu, na CREAD, ya kuruhusu kupokea, na amueni wenyewe kuhusu CRTSCTS, ya kusubiri ruhusa ya kutuma kupitia nyaya za ziada, kwa sababu cfmakeraw haiigusi. Ikiwa imewashwa na kebo yenu ina nyaya tatu tu, programu itasubiri ruhusa isiyoweza kufika. Kwenye Windows jazeni kila kipengele cha DCB, muundo wa mipangilio ya poti, kinachowahusu. Programu iliyotangulia huenda iliacha mipangilio yake pale.

Majina ya poti nitayapitia haraka. Windows ina COM1, COM2 na kuendelea, lakini kuanzia COM10 lazima jina liandikwe \\.\COM10, na namna hiyo inafanya kazi hata kwa COM1, kwa hiyo itumieni siku zote. Linux ina ttyS0 kwa poti halisi, ttyUSB0 na ttyACM0 kwa zile za USB. macOS inakupa majina mawili kwa kila kifaa, moja la tty na moja la cu. Chukueni la cu, kwa sababu lile la tty linaweza kusubiri mawimbi ya kuonyesha kwamba kuna modemu kabla halijakubali kufunguka. Namba zilizo mwishoni mwa majina haya si utambulisho wa kifaa. Ukichomoa adapta mbili na kuzichomeka kwa mpangilio mwingine, ttyUSB0 na ttyUSB1 zinaweza kubadilishana. Kama mizani mbili zimeunganishwa, mizigo itaandikwa kwenye mizani isiyo yake. Hifadhini namba ya mtengenezaji, ya bidhaa, na namba ya mfululizo ya adapta yenyewe ikiwa inayo, halafu tafuteni jina kila mnapofungua. pySerial inazitoa hizo zote kwa mifumo yote mitatu. Kwenye Linux mnaweza pia kutumia folda ya /dev/serial/by-id.

Na ruhusa: kwenye Linux ya Debian na ndugu zake, mtumiaji lazima awe kwenye kundi la dialout. Waandikieni watu hivyo kwenye ujumbe wa kosa wenyewe, wasihangaike kutafuta. Nimeona programu zikiambiwa ziendeshwe kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo kwa sababu tu hakuna aliyelitaja kundi hilo, na hilo linanisikitisha.

Kuhusu maktaba, ushauri wangu ni kwamba usiandike tabaka la chini mwenyewe ila pale unapolazimika. pySerial kwa Python, libserialport kwa C, QSerialPort kwa wanaotumia Qt, jSerialComm kwa Java: zote hizi zimekwisha kukutana na mashimo niliyoyataja na mengine ambayo sitayafikia leo. Zitakuondolea tofauti za majina, za mipangilio, na sehemu kubwa ya tofauti za kusubiri. Haziwezi kukuambia ujumbe wa mizani yako unaishia wapi.

Kuandika kuna fundisho lake. Ukiandika baiti 1000 na kazi ikarudi papo hapo, baiti zako ziko kwenye bafa ya mfumo, si kwenye waya. Kwa 9600 zitahitaji zaidi ya sekunde moja kutoka zote. Kabla ya kufunga poti, au kabla ya kuanza kuhesabu muda wa jibu, subirini zitoke: tcdrain kwenye Linux na macOS, FlushFileBuffers kwenye Windows. Saa ya kusubiri jibu inayoanza kabla swali halijatoka ni saa inayomwonea kifaa.

Kufungua poti pia ni tendo lenye athari. Linux na macOS hupandisha waya wa DTR, unaoashiria kwamba kompyuta iko tayari, mara poti inapofunguka. Kwenye bodi kama Arduino Uno, badiliko hilo huiwasha upya bodi, na sekunde moja au mbili za mwanzo inashughulika na mambo yake, haisikii amri zako. Wengi hutuma amri ya kwanza, hawapati jibu, wakadhani kasi ni mbaya. Subirini bodi iseme kitu, au mrudie swali kwa upole mpaka ijibu.

Halafu kuna kuchomolewa. Poti za zamani zilikuwa zimefungwa kwa skrubu na hazikuondoka. Adapta ya USB mtu anaigusa kwa goti, inachomoka. Programu nyingi hapo hufa, au mbaya zaidi, huzunguka bila kupumua zikisoma sifuri, sifuri, sifuri, na feni ya kompyuta inaanza kulia. Kosa lolote la kusoma lichukulieni kuwa poti imeondoka: ifungeni, tupeni kilichokuwa kwenye bafa, pumzikeni sekunde moja, mtafute kifaa upya kwa utambulisho wake. Kuifunga ni lazima. Kwenye Linux, ukiendelea kuishikilia ttyUSB0 iliyokwisha kuondoka, kifaa kikirudi kitapewa ttyUSB1, na programu itaendelea kuchungulia mlango wa nyumba iliyohamwa.

Nimalizie kwa kupima. Sehemu ya kukata fremu iandikeni isijue chochote kuhusu poti: inapokea baiti, inatoa jumbe. Halafu chukueni logi ya kifaa halisi, mlishe sehemu hiyo baiti moja moja. Kisha mbili mbili, tatu tatu, kisha faili zima kwa mkupuo. Majibu lazima yafanane kila mara. Jaribio hilo halihitaji kebo wala kifaa, linachukua chini ya sekunde, na lingelikamata kosa langu la mizani kabla sijafunga begi. Nililiandika baada ya mkasa ule, na limo kwenye kila programu ya siriali niliyoiandika tangu hapo. Kwa majaribio ya programu nzima, socat kwenye Linux na macOS inaweza kukutengenezea poti mbili za bandia zilizounganishwa. Kwenye Windows kuna com0com. Lakini kumbukeni kwamba poti za bandia za socat hazina kasi. Baiti zinaruka papo hapo, kwa hiyo makosa ya muda hayataonekana humo.

Kwa ajili ya makosa hayo ya muda, mezani hapa nimeleta adapta tatu za aina tofauti, na kila moja ina soketi ambayo pini ya 2 na ya 3 zimeunganishwa kwa kipande cha waya, ili kila unachotuma kikurudie. Kompyuta ipo ya Windows na ipo ya Linux. Tutatuma mstari uleule wa baiti 15 mara mia kwa kila moja, tuhesabu umefika kwa vipande vingapi. Karibuni mezani, na mwenye adapta yake mfukoni aje nayo.